Wati Elfu Tatu Kwenye Buti

Jumatatu, 4 Machi

Kikao saa mbili kamili asubuhi. Dada ameketi, mimi na Miwani tumesimamishwa kama washtakiwa. Dada ndiye mwenye shule hii ya udereva. Ni dada yangu wa tumbo moja. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto na mpaka leo hajanisamehe.

Akaonyesha ubao kwa kalamu. Upande wa mwalimu Miwani, majina kumi na moja. Upande wangu, jina moja: Mama Mkunga. Na huyo nimepewa kwa sababu Miwani alimkataa.

Dada akauliza kwa nini wanafunzi wote wanamtaka Miwani. Mwenyewe akainamisha kichwa, akasema labda ni subira yake. Subira! Mtu anayevaa miwani ya jua mpaka chooni! Sababu ninaijua mimi. Gari lake lina besi. Akipita hapo nje vioo vya ofisi vinatetemeka, na vijana wanaokuja kujiandikisha wanatabasamu kabla hata hawajauliza ada. Gari langu lina redio inayokohoa.

Kisha hukumu. Mama Mkunga ameshafeli mtihani wa barabarani mara tatu. Mtihani wa nne ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 15. Akifeli tena, mimi narudisha ufunguo na kuhamia mapokezi, kujibu simu. Nikamkumbusha Dada kwamba nimefundisha miaka tisa. Akasema vizuri sana, mapokezi panahitaji mtu mzima.

Mimi! Kwenye simu! Huku Miwani anapita na kunipungia mkono!

Thubutu. Nikipata besi, nitapata wanafunzi. Nikipata wanafunzi, hata Mkunga akifeli Dada hatakuwa na ubavu wa kuniondoa. Mpango ni huo, na ni mzuri.

Jumanne, 5 Machi

Somo na Mama Mkunga, saa tatu. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa mkanda, akawasha gari, akaondoka kama anakimbizwa.

Ni mama wa watu, mpole, amestaafu ukunga. Kwa kiinua mgongo chake alinunua kigari cheupe. Huu mwaka wa pili kimefunikwa turubai uani kwake. Anataka kuzunguka awaone watoto aliowazalisha, na asimwombe mtu lifti. Mwanawe mkubwa amempa neno la mwisho: akifeli safari hii, kigari kinauzwa. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini, macho yamejaa machozi, huku tunaingia njia panda kwa mwendo wa kasi na lori linatujia kutoka kulia.

Nikakanyaga breki yangu. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Kwa Mama Mkunga ya mwanafunzi bado mpya kabisa. Mguu wangu wa kulia sasa ni mnene kuliko wa kushoto, suruali zinashuhudia. Kila kitu anajua: gia, vioo, alama zote. Ila kupunguza mwendo, hapana. Miaka thelathini na nne kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasukume.

Mchana nikaenda duka la muziki wa magari. Sabufa nimeshapata, ile spika kubwa ya besi kwenye boksi lake la mbao. Kazi ilikuwa kuchagua amplifaya ya kuipa nguvu. Muuzaji ni mtu wa maswali. Sabufa ina koili ngapi, zile nyaya zilizoviringwa ndani? Mbili. Za omu ngapi, yaani zinaubana umeme kiasi gani? Nne kila moja, imeandikwa. Akaniletea amplifaya nyeusi, ndogo, nzito kama tofali, kwenye boksi imeandikwa wati mia tano. Nyeusi tupu! Haina hata taa!

Pembeni yake ilikuwepo nyingine, ina taa za buluu na picha ya simba kwenye boksi. Wati elfu tatu. Nyepesi kama kandambili. Muuzaji akasema ile elfu tatu ni namba ya kujisifu tu. Nisome maandishi madogo ndani, wati inazoweza kutoa kutwa nzima bila kuchoka: mia mbili. Ile nyeusi ni mia tano kweli, na uzito wake ndio ushahidi. Nikamwambia kusoma nilijifunza zamani, na kati ya elfu tatu na mia tano ninajua ipi kubwa.

Nimechukua ya simba. Bei siiandiki hapa. Mke wangu anajua daftari hili linapofichwa.

Jumatano, 6 Machi

Leo kufunga. Muuzaji alitaka kuniuzia waya mwekundu mnene kama kidole gumba wa kutoa umeme kwenye betri mpaka buti, na fyuzi yake. Wafanyabiashara! Nyumbani nina waya. Ni wa pasi iliyokufa, mzima kabisa.

Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama ninavyoupitisha chini ya zulia la gari. Ana saluni, kwa hiyo anajiona fundi umeme. Akauliza kama hiyo mashine inakula umeme mwingi. Nikasema mwingi ajabu, kwa fahari. Akasema saluni kwake waliwahi kuunganisha draya kubwa ya kukaushia nywele kwa waya mwembamba, na ndiyo maana ukuta ule una rangi mpya. Nikamwambia nywele na muziki ni mambo mawili. Akaingia ndani.

Boksi la sabufa halikutosha kwenye buti. Nikatoa tairi la akiba. Likatosha! Tairi liko nyumbani, mke wangu analikalia akiosha vyombo.

Kisha waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Karatasi inasema ukwangue rangi mpaka bati ling'ae ndipo ufunge. Kukwangua gari la Dada? Ameapa akiona mkwaruzo mmoja atanikwangua mimi. Nikafunga juu ya rangi. Bati ni bati.

Nikawasha. Kimya. Nikazungusha vitufe vyote. Kimya. Halafu taa ya buluu ikapepesa mara moja, na harufu ikaanza. Harufu ya pasi! Pasi imekufa miaka mitatu, leo harufu yake imefufuka chini ya zulia la gari la Dada. Nilipoung'oa ule waya vidole vikaota malengelenge.

Miwani alipita hapohapo nje ya kwetu. Akanusa. Akauliza kwa upole kama ninajinyooshea shati la mtihani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejishusha, nimekwenda kwa Kipimo. Ni fundi umeme wa magari mtaa wa pili, mzee mmoja anayetembea na kipimo cha umeme shingoni kama daktari. Akauweka waya wa pasi kiganjani, akaugeuza, akauliza kama nyumbani nina amani.

Akatoa amri tatu. Waya mnene, ule ule wa muuzaji. Fyuzi shubiri moja kutoka kwenye betri, ili waya ukichubuka njiani ife fyuzi na gari lipone. Na chini ya ethi nikwangue rangi, bati ling'ae kama sarafu mpya.

Nimefanya yote. Nimerudi kwa muuzaji kununua waya. Alitabasamu tu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kunisema. Nimekwangua rangi ya Dada kwa mkono wangu mwenyewe, sehemu ndogo kama kiganja, chini kabisa, boksi la sabufa linapafunika. Jasho lilinitoka. Dada alipotokea dirishani niliimba.

Kumbe kuna waya mwingine tena, mwembamba. Kipimo anauita waya wa kuamshia. Amplifaya inalala usingizi mpaka huo waya uiletee umeme. Inatakiwa uende mpaka nyuma ya redio, ili redio ikiwaka amplifaya iamke, redio ikizimwa ilale. Maana yake kufungua dashibodi yote! Nani ana muda? Waya mnene uko palepale kando yake, umejaa umeme. Nikauunga humo. Sekunde tatu tu.

Ikaamka! Lakini taa ni nyekundu, na sauti hakuna.

Ijumaa, 8 Machi

Rudi tena dukani. Nilivaa kofia, muuzaji akanijua.

Akasema taa nyekundu ni amplifaya inajilinda, imegoma. Akauliza koili mbili za sabufa nimezifungaje. Sambamba, nikasema, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Akashusha pumzi. Koili mbili za omu nne zikifungwa sambamba, amplifaya inaona omu mbili. Na omu zikipungua, mzigo ndio unaongezeka. Hiyo ya simba mwisho wake ni omu nne. Umembebesha magunia mawili mtu wa gunia moja, akaketi chini. Nizifunge zifuatane, moja nyuma ya nyingine, zitakuwa omu nane. Hapo itabeba, ingawa itaimba kwa unyonge. Ile nyeusi, akasema, ingebeba omu mbili bila kulalamika. Alisema hivyo mara tatu. Nilihesabu.

Nikafunga zifuatane. Taa ikawa buluu.

Na besi ikatoka! Dum! Dum! Ee Mola wangu! Unyonge gani? Niliisikia kifuani. Kopo la kalamu la Dada lilitembea mezani lenyewe mpaka likaanguka. Wasichana wawili waliokuja kuulizia masomo wakageuka wakatazama gari langu. Langu! Miwani akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akavua miwani. Ana macho madogo, maskini.

Nimekwenda nyumbani natembea kifua mbele.

Jumamosi, 9 Machi

Gari haliwaki. Betri imekufa fofofo.

Kipimo alikuja, akagusa amplifaya, ya moto. Akauliza waya wa kuamshia nimeuunga wapi. Nikamwonyesha. Akafumba macho kidogo, akauchomoa. Akasema umeiamsha na hujailaza, imekesha inakunywa betri tangu juzi, ni ajabu imefika leo. Waya uende nyuma ya redio, kama alivyosema. Leo ana kazi, nimpelekee Jumatatu.

Gari lilisukumwa na wanafunzi kumi na mmoja wa Miwani. Yeye mwenyewe alisukuma kwa mkono mmoja, wa pili ameshika soda. Likawaka, nikalipeleka nyumbani. Wale wasichana wawili wamejiandikisha. Kwake.

Jumatatu! Mtu hawezi kungoja mpaka Jumatatu. Kinachotakiwa ni waya wowote unaolala na kuamka. Lazima mmoja upo hukohuko kwenye buti. Kipimo ameniazima taa yake ya kupimia, ile inayowaka ikigusa waya wenye umeme, hakuuliza ya nini.

Jumapili, 10 Machi

Ushindi! Na bila kufungua dashibodi!

Uani kwetu pameteremka kidogo na breki ya mkono ya gari ni dhaifu, kwa hiyo niliweka jiwe chini ya tairi. Nikamwomba mke wangu akae kwenye usukani anisaidie na redio. Yeye hayaamini mawe. Alipokaa tu akakanyaga breki kwa nguvu, akasema hataki gari lishukie beseni lake. Nikamwambia afanye anavyotaka, mradi nikisema washa awashe, nikisema zima azime.

Mimi nipo kwenye buti na taa ya kupimia, nagusa nyaya zinazokwenda kwenye taa za nyuma. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, taa ikawaka! Nikapiga kelele zima. Akazima redio, akashuka kuanua nguo. Taa ikazimika! Nikapiga kelele washa. Akarudi, akakaa, akakanyaga breki yake, akawasha redio. Taa ikawaka! Mara nne tumejaribu, mara nne hivyohivyo. Waya umepatikana. Redio ikilala unalala, redio ikiamka unaamka. Miaka mingapi mafundi wanafungua dashibodi za watu bure!

Nikaunga. Besi ikatoka safi, mke wangu amekaa pale, tukasikiliza wimbo mzima. Aliposhuka ikakatika. Nikamwambia wimbo umeisha. Akasema mbona mwimbaji bado anaimba. Ana masikio ya ubishi huyu mwanamke.

Jumatatu, 11 Machi

Jambo la ajabu limetokea na sijui nilieleze vipi.

Somo na Mama Mkunga. Nikawasha redio, nikamwambia ajiandae. Besi hakuna. Tukaondoka, besi hakuna. Nikaanza kufa moyo. Njia panda ya kwanza, kama kawaida, hakupunguza. Nikakanyaga breki yangu. Dum! Dum! Dum! Tumesimama na besi inatikisa viti. Mama Mkunga akanigeukia, macho yametoka. Tukaondoka, besi ikakatika.

Njia panda ya pili, mguu wangu umeinuka tayari, ukabaki hewani. Yeye mwenyewe alikanyaga breki! Polepole, mapema, kama kwenye kitabu. Dum, dum, dum. Akaitikia kwa mabega. Akatazama kulia, kushoto, kulia, akaondoka. Ya tatu vilevile. Kwenye kivuko cha watu vilevile. Alimsimamia mbuzi!

Miaka tisa sijaona mwanafunzi aliyebadilika namna hii. Ni sauti yangu, nadhani. Leo niliongea kwa utulivu sana.

Kuhusu besi kukatika, nikamwambia ndiyo mitambo ya kisasa, inajipumzisha. Akasema ndiyo, Mwalimu.

Jumanne, 12 Machi

Dada alisimama barazani akatuona tunaingia getini. Mama Mkunga akapunguza, akasimama tuli, matone ya mwisho ya besi, akazima. Dada akashuka ngazi kumpa mkono. Mimi hakunipa, lakini alinitazama bila kukunja uso. Ubaoni majina mawili yamehamia upande wangu. Wale wasichana!

Miwani ameuliza siri. Nikamwambia labda ni subira yangu.

Kinachoniudhi ni hiyo besi tu. Barabara nzuri, ndefu, watu wamejaa pembeni, kimya! Tukifika kwenye taa nyekundu ambako hakuna wa kumringia, dum! Lazima kuna waya umelegea. Siku ya mtihani nataka ilie kutoka getini mpaka getini. Kesho kwa Kipimo.

Jumatano, 13 Machi

Kipimo aliniambia nikae kwenye usukani nikanyage breki. Dum. Niachie. Kimya. Nikanyage. Dum. Akaenda kuketi juu ya tairi, akacheka mpaka akakohoa, akawaita mafundi wa jirani, nikakanyaga tena mbele yao wote.

Nimeunga waya wa kuamshia kwenye waya wa taa za breki.

Mke wangu alikuwa amekanyaga breki. Kila aliposhuka aliachia. Sasa ninaelewa. Mtu huna msaada nyumbani kwako mwenyewe!

Kipimo akafuta machozi, akasema kwa kweli haina madhara, taa za breki zinawaka kama kawaida, nikipenda niiache. Niiache! Nikamwamuru afungue dashibodi apeleke waya nyuma ya redio. Ilimchukua nusu saa. Nusu saa tu! Angeniambia mapema.

Sasa inalia mfululizo. Nimepita mbele ya shule mara tano.

Nilipomweleza mke wangu, aliuliza kama si hiyo besi ya breki iliyomfundisha Mama Mkunga. Nikacheka sana. Nikamwambia Mama Mkunga amefundishwa na mwalimu.

Alhamisi, 14 Machi

Yarabi.

Somo la mwisho. Besi inalia tangu getini. Mama Mkunga akasema, Mwalimu, imeharibika. Nikasema imepona, Mama. Njia panda ya kwanza akapita kama upepo. Ya pili akapita. Mkokoteni wa maji ulikwepa, sisi hatukukwepa. Nilikanyaga breki yangu mpaka goti likalia. Tukasimama pembeni. Mama Mkunga akazima gari.

Akaniambia. Zamani kazini alikuwa na ile pembe ya mbao, anaiweka tumboni kwa mama na kutega sikio asikilize moyo wa mtoto. Palipokuwa na hatari alisimama, akasikiliza, dum, dum, akatulia, ndipo akaamua la kufanya. Besi yangu ilimrudishia hilo. Akiona njia panda alikuwa anasimama asikilize. Sasa inapiga wakati wote, ni kelele, hajui asimame wapi. Akainama, akasema basi, wakauze tu kile kigari.

Nilitamani ardhi inimeze. Huyu mama alikuwa amepona, nikamrudisha wodini kwa mikono yangu. Nililia kidogo, naandika ukweli. Kwa ajili yake. Na kidogo kwa ajili ya ile simu.

Nikakimbia kwa Kipimo nikamwomba arudishe waya kwenye breki. Akauliza kama nina homa. Nikamweleza. Hakucheka. Alifungua dashibodi tena, akarudisha, akakataa hata soda. Nikaijaribu mara kumi: kanyaga, dum, achia, kimya. Nikaenda mpaka kwa Mama Mkunga kumwambia kesho moyo utakuwepo. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

Ijumaa, 15 Machi

Saa nne kamili. Mtahini ni mtu mrefu asiyecheka. Mama Mkunga kwenye usukani, amevaa saa yake ya kazini iliyobandikwa kifuani. Mwanawe amesimama getini, mikono mfukoni. Dada barazani. Miwani pia, na soda yake.

Mtahini akaingia, akafunga mkanda, akanyoosha mkono, akazima redio.

Akaizima! Fundi, dashibodi mara mbili, malengelenge, yote kwa kidole kimoja! Nikapiga hatua kuelekea gari, Dada akanishika kola. Mama Mkunga alinitazama kwenye kioo. Nikamwonyesha kifua changu, nikakigonga mara mbili. Sijui kwa nini. Sikuwa na kingine.

Wakaondoka. Dakika ishirini na tano. Mwanawe alinieleza kwamba mnunuzi wa kigari ameshapatikana.

Walirudi polepole. Gari likapunguza getini, likasimama tuli. Mtahini akashuka na uso wa mtu aliyeona kitu. Akamwambia Dada kwamba mtahiniwa amesimama kila mahali panapotakiwa, na pengine pasipotakiwa. Ila kila anaposimama anasema dum, dum, kwa mdomo, halafu anatikisa kichwa na kuondoka. Amepekua kanuni zote, hakuna inayokataza. Amefaulu.

Mama Mkunga alikuwa bado ndani, ameinamia usukani, analia. Mwanawe akafungua mlango, akapiga magoti hapohapo kwenye vumbi, akamkumbatia kiuno. Nilipiga kelele mpaka sauti ikapotea. Dada akanipa mkono! Mbele ya Miwani!

Kwa dakika tatu nilikuwa mwalimu bora.

Dakika ya nne, tairi la Miwani likaisha upepo. La kwake la akiba nalo limekwisha. Dada akasema achukue la gari langu, akafungua buti mwenyewe. Akaona sabufa. Akauliza tairi liko wapi. Nikasema mke wangu amelikalia. Akasukuma boksi atazame nyuma yake. Bati liling'aa kama sarafu mpya.

Jumatatu, 18 Machi

Mapokezi. Miezi miwili. Si kwa sababu ya Mkunga, Dada alisema, hilo anashukuru. Ni kwa sababu ya rangi, tairi, na akili.

Simu imelia mara tisa. Saba walimtaka Miwani.

Saa tano nikasikia honi. Kigari cheupe dirishani, bila turubai, Mama Mkunga peke yake ndani! Ameshawaona watoto wanne tangu asubuhi, mmoja wao ana ndevu. Nilimwamkia kupitia dirisha. Ana ombi, akasema. Sabufa imekaa bure stoo ya Dada. Nimfungie kwenye kigari chake vilevile, besi iwe kwenye breki tu, maana kusema dum kwa mdomo njia nzima kunamkausha koo.

Nilijisikia faraja kubwa. Kumbe kazi yangu inaonekana! Nikamwambia aniachie mimi kila kitu. Jumamosi.

Nimefikiria mchana kutwa, simu nimeacha ilie. Besi ya breki peke yake ni ushamba. Mama kama yule anastahili kitu kamili, kinacholia kutoka getini mpaka getini. Atashangaa, nitamfanyia kama zawadi bila kumwambia. Na ile ya simba haitoshi. Saa ya chakula nilikimbia dukani, kuna nyingine imeingia, ina taa nyekundu na buluu na picha ya simba wawili. Wati elfu tano! Nyepesi ajabu. Muuzaji alianza kusema kitu kuhusu maandishi madogo, nikamwambia mimi si mgeni katika mambo haya.

Kigari chenyewe ni kidogo, kutoka betri mpaka buti ni hatua tatu tu. Hakuna haja ya kununua waya mnene. Ule wa pasi bado ninao.